Mzee wa Ngomeni na Wazee Wake

Kila maji yalipokatika Kibokoni, mtu mmoja tu hakununa, naye ni Mzee wa Ngomeni. Sisi wengine tulikuwa tumepanga madumu yetu kwenye kisima cha msikiti, jua limeshatupata kichwani, naye akatokea kwenye kona na dumu lake moja, kanzu imenyooka, kofia imekaa sawasawa, akaanza kutusomea shida za watu waliokufa zamani.

"Siku mbili hamna maji, mwalia," alisema. "Wazee wenu walizingirwa mle Ngomeni karibu miaka mitatu. Walikula panya. Walikunywa maji ya mvua yenye viluwiluwi. Wala hakuna aliyekwenda kushtaki manispaa."

"Manispaa yenyewe ilikuwa haijakuwapo, Mzee," mtu akamjibu kutoka nyuma ya foleni.

"Ndiyo maana walivumilia. Hawakuwa na wa kumngoja."

Watu walicheka, foleni ikasogea. Alikuwa na kipawa hicho. Hakukuondolea shida, lakini alikufanya uone haya kidogo kuilalamikia.

Kazi yake ilikuwa kutembeza watalii katika Ngome ya Yesu, ambayo sisi wa Mji wa Kale huiita Ngomeni tu. Hakuajiriwa na mtu. Alisimama nje ya mlango pamoja na watembezaji wenziwe, karibu na wauza vinyago, akingoja wageni washuke kwenye mabasi yao. Jina lake alikuwa nalo, na wakubwa walilijua, lakini mimi nililisikia mara moja tu, siku alipomwoza bintiye. Nyumba yangu ilitazamana na yake. Nikirudi kutoka bandarini, nilikokuwa karani, nilimkuta barazani amevua viatu, miguu ameitandaza mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine, na tukazungumza hadi magharibi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Hata alipokwenda sokoni na mkewe alitembea hatua moja mbele, upande upande, uso umemgeukia yeye, mkono umenyooka kuonyesha genge la nyanya kama kwamba ni mabaki ya kale. Mkewe, Bi Zena, alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu.

"Mimi si Mjerumani," alimwambia. "Tembea kama mume."

"Nakuonyesha tungule."

"Tungule naziona. Nazinunua tangu hujaota ndevu."

Hiyo miaka mitatu ya kuzingirwa ndiyo iliyokuwa chakula chake. Aliila asubuhi na jioni. Mshona kofia mmoja wa mtaa wetu alipounguliwa na duka, Mzee alikwenda kumpa pole, akakaa naye juu ya ngazi zilizonuka moshi, akamwambia kwamba mle Ngomeni ukuta ukibomolewa kwa mizinga mchana, watu waliujenga usiku, na kukicha adui hakuamini macho yake. Mshona kofia alinisimulia habari hiyo baadaye akiwa na duka jipya, dogo kuliko la kwanza. Aliniambia hakujua kama ni kweli au si kweli, lakini kila alipoweka ubao alisema moyoni, huu ni wa usiku.

Siku moja nilimuuliza: katika vita hivyo, wazee wetu walikuwa upande gani hasa? Maana nilivyosoma mimi shuleni, walikuwako ndani pamoja na Wareno, na walikuwako nje pamoja na Waarabu.

"Pande zote mbili," alisema, bila hata kugeuka.

"Sasa wewe wajifaharishia upi?"

"Sikiza. Aliyeshinda ni babu yangu. Aliyeshindwa ni babu yangu. Kwa hivyo mimi, bwana, sishindiki."

Wageni aliwagawia historia kwa kabila zao. Waitaliano aliwapa mapenzi: nahodha wa Kireno na msichana wa Mvita aliyemshushia chakula kwa kamba. Wajerumani aliwapa unene wa kuta. Waingereza aliwapa aibu kidogo, si nyingi, wasije wakaondoka bila kumwachia kitu. Wamarekani aliwapa mizimu. Nilimfuata mara mbili tatu nikiwa na wageni wangu kutoka bara, na sikupata kumsikia akirudia kisa vile vile. Bibi harusi aliyeuawa na tufe la mzinga safari ya kwanza, safari ya pili alinusurika na kuzaa mapacha.

"Huo si uongo, Mzee?"

"Mtu ametoka kwao, amepanda ndege, ameungua pua kwa jua. Nimwambie hapa palikuwa na ghala la mchele? Mpe kitu cha kwenda nacho."

Kwa hivyo ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu huyu, aliyekuwa tayari kumwozesha nahodha wa Kireno kwa ajili ya Mwitaliano mmoja, alikuwa na habari moja ambayo hakuweza kuidanganya wala kuisema.

Habari yenyewe mtaa mzima uliijua. Zamani za Waingereza, kabla Ngome haijafanywa jumba la makumbusho, ilikuwa jela. Babake Mzee alifungwa humo. Alikuwa hamali, mbeba magunia katika bandari ya zamani, na siku moja yeye na hamali mwenziwe waligombea zamu ya kubeba. Akampiga mwenziwe kwa kulabu, ile ya chuma ya kunyakulia magunia. Yule mtu alipona, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena mpaka alipokufa. Ni hayo tu. Haikuwa vita wala siasa. Angempiga Mzungu angekuwa shujaa, na mjukuu wake angesomeshwa bure.

Mmoja wa watembezaji wenziwe, kijana mjanja aliyejua lugha nne na ukweli kidogo, alimshauri mbele yangu, tukiwa tumekaa kivulini na wauza vinyago.

"Mzee, wewe umekalia mali huijui. Waambie babako alifungwa humu kwa kupigania uhuru. Watalia. Wazungu wakilia, mkono hufunguka."

"Hakufungwa kwa uhuru."

"Nani atakwenda kutafuta?"

"Alifungwa kwa kulabu," Mzee alisema, akainuka, akaenda kusimama juani.

Miaka hiyo mji wetu ulikuwa umejaa wajukuu wa mashujaa. Kila baraza ilikuwa na wake. Ingekuwa rahisi kwake kuongeza mmoja, na hakuna ambaye angemkatalia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake wa kumlinda. Hakufanya hivyo. Ila pia hakumtaja. Nilimchunguza katika zile ziara. Akimaliza kuonyesha mifupa ya nyangumi na michoro ya mabaharia ukutani, mtembezaji wa kawaida angekata katikati ya uwanja ule mpana kuelekea upande wa baharini. Yeye hakukata. Aliwazungusha watu kando kando ya ukuta, njia ndefu, na akiulizwa mbona, alisema kivuli kiko huku. Wakati mwingine hakikuwako. Pale uwanjani ndipo palipokuwa na vyumba vya wafungwa. Vilibomolewa zamani, hapana kitu cha kutazama ila majani makavu na mwanga mkali.

Bi Zena aliliona hilo kabla yangu. Alilisema waziwazi, kama alivyosema kila kitu, akichagua mchele kwenye ungo.

"Huyu wazee wa mawe yuwawajua wote, mpaka na majina ya wake zao. Wazee wa nyama na damu, hata mmoja."

Mzee alijifanya hakusikia. Alikuwa na namna yake ya kutosikia: alichukua kiatu kimoja, akakitazama soli, akakiweka chini.

Kisha watalii wakakatika. Sitaki kueleza sababu zake, kila mtu wa Mombasa wa miaka hiyo anazo za kwake. Mahoteli ya pwani yakafunga vyumba, mengine yakafunga milango kabisa, na mabasi yaliyokuwa yakisimama Ngomeni asubuhi yakawa hayaji. Yule kijana wa lugha nne alihama, akaenda kuuza simu za mitumba. Wauza vinyago walisinzia juu ya meza zao. Mzee aliendelea kwenda. Alioga, akavaa, akasimama mahali pake, akarudi mchana na kanzu iliyolowa mgongoni. Wanafunzi wa shule walipoletwa na walimu wao aliwatembeza bila kudai chochote, na nilisikia kwamba aliwapa kuzingirwa kote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtu aliyelipwa.

Alichoka, lakini alichoka kama nyumba za mtaa wetu zinavyochoka, dari kwanza, kisha ngazi, huku mlango wa mbele ungali umesimama. Jicho moja lilianza kuingia ukungu. Barazani alinyamaza zaidi. Kuna jioni tulizokaa bila neno hadi adhana ilipotutenganisha, na sikuona vibaya, mimi nami nilikuwa nimechoka, mji mzima ulikuwa umechoka.

Katika uchovu huo ndipo Faraj alipokamatwa.

Faraj alikuwa mwanawe wa mwisho, kijana mtulivu, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuwa dereva wa gari la mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kule madukani. Mfanyabiashara huyo alimpenda, alimwachia ufunguo wa ghala, na siku za Idi alimpelekea Bi Zena kitambaa cha nguo. Majora ya vitambaa ghalani yakaanza kupungua. Ilipogunduliwa kwamba ni Faraj aliyeyauza, hakukana. Mbele ya hakimu alisema ndiyo, akafungwa.

Mzee alikwenda kortini siku ile moja tu, akarudi kwa miguu. Nilimwona akiingia mtaani. Kila mtu aliyekuwa barazani alimwamkia vizuri, kwa heshima zaidi ya kawaida, na heshima ile ndiyo iliyokuwa mbaya. Hakuna aliyetaja kitu. Lakini tulikuwa tumeshafanya hesabu: babu, mjukuu. Nadhani alituona tukiifanya.

Tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja kuzingirwa. Maji yakikatika alijipanga kwenye foleni na dumu lake, akatazama mbele. Mwanamke mmoja aliyezoea matani yake alimchokoza: "Leo wazee wetu wamelala, Mzee?" Akamjibu kwa upole, "Waache wapumzike, mwanangu." Hakuna aliyecheka.

Faraj alitoka jela akarudi nyumbani asubuhi, akapanda ghorofani, na hakushuka. Sisemi haya kwa kutia chumvi. Chumba chake kilitazama kwangu. Madirisha yalifungwa, yakabaki yamefungwa. Mamake alimpandishia chakula kwa sinia, akashusha sinia. Hakwenda msikitini hata Ijumaa. Vijana wa rika lake walikuja wakamwita kutoka chini, "Faraj! We Faraj! Shuka, tuko sisi!" wakaondoka. Ramadhani iliingia ikatoka, watu wakapeana mikono ya Idi mlangoni pake, naye yu juu. Mtu aliyefungwa kwa amri ya hakimu alikuwa sasa anajifunga mwenyewe, na kifungo hiki hakikuwa na siku ya mwisho.

Mzee alikuwa akipanda ngazi kila jioni. Nilisikia hatua zake zikifika juu, zikasimama, kisha zikashuka. Sauti sikuisikia.

Jioni moja baada ya Idi, usiku haujaingia bado, nilikuwa mlangoni kwangu nikivaa kandambili, Bi Zena alipomkabili Mzee pale barazani. Hakupunguza sauti. Sidhani alitaka.

"Umemwambia nini leo?"

"Nimemsalimu."

"Umemsalimu. Mtoto aoza, wewe wamsalimu. Mwambie habari za babako."

"Ili iwe nini? Aone ni ukoo?"

"Aone mtu hutoka. Babako hakutoka? Mimi niliolewa hapa nikamkuta yu hai, mtu wa watu, akinipakatia watoto. Alitokaje huko mpaka akafika kunipakatia watoto? Faraj hajui. Yuwajua alikoingia tu, kwa sababu hilo mtaa humwambia bure."

"Sijui nianzie wapi, Zena."

"Wazungu wawaanzia wapi? Watu usiowajua, hawajui hata kula kwa mkono, wawapa maneno saa nzima. Mwanao humpi hata nusu."

Mzee alichukua kiatu kimoja, akakiweka chini. Kisha akainua uso, akaniona, na akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu kwa mtu aliyesikilizwa mambo yake.

Kesho yake alinijia. Hakukaa.

"Jumapili una kazi?"

"Sina."

"Nataka mgeni."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, na maelezo yalimpa taabu. Alisema yeye, akikaa na mtu uso kwa uso, mambo makubwa hayamtoki. Hakuweza hata kumposa Bi Zena, ilibidi aende mjomba. Lakini akiwa anatembeza, mkono mbele, mgeni nyuma, maneno huja yenyewe. Faraj atakuja, alisema, kwa sababu yeye mwenyewe jicho lake bovu halioni tena ngazi za Ngomeni na mamake amemwamuru mtoto amshike babake mkono. Kilichopungua ni mgeni.

"Na mimi nifanye nini?"

"Ufanye wafanyavyo wageni. Utazame, uulize."

Tulikwenda asubuhi na mapema, kwa vichochoro vya nyuma, Faraj ameinamisha kichwa na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Alikuwa amenenepa kwa kukaa, na rangi yake imekuwa kama ya mtu aliyeugua. Alimshika babake mkono. Mlango ulipofunguliwa tulikuwa watu wa kwanza, na kwa hali ya siku hizo, huenda na wa mwisho.

Mzee alikohoa, akanigeukia, akanyoosha mkono, akaanza kwa Kiingereza. Mazoea. Faraj akainua kichwa.

"Baba, huyu ni jirani."

"Huyu ni mgeni wangu," alisema Mzee, lakini akaingia katika Kiswahili.

Akanitembeza kweli. Alinipa njia ya kuingilia iliyopindishwa ili adui asione mbele, akanipa nyangumi, akanipa mabaharia na michoro yao. Sauti yake, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi mingi, ilirudi taratibu. Nahodha wa Kireno na msichana wa Mvita waliachwa nje siku hiyo. Tukafika ukingoni mwa uwanja. Nikageuka kufuata ukuta, kama nilivyozoea kumwona akifanya.

"Huku, bwana," alisema.

Akakanyaga katikati, na Faraj akiwa amemshika ikabidi akanyage naye. Tulisimama juani. Mzee hakumtazama mwanawe hata kidogo. Alinitazama mimi, kama mtu anayetazama mlango.

"Hapa palikuwa na vyumba. Vimebomolewa. Wakati wa Waingereza hapa palikuwa jela. Katika chumba kimoja alikaa mtu, hamali wa bandari."

Nikakumbuka kazi yangu. "Kosa lake nini?"

"Alimlemaza mwenziwe kwa kulabu. Waligombea zamu. Zamu haikuwa yake."

Hilo la mwisho sikulijua. Mtaa ulikuwa umempa zamu miaka yote hiyo.

"Wafungwa walitolewa kufagia mji," aliendelea. "Wakipangwa, askari nyuma. Hamali huyu alikuwa na mtoto. Siku moja mtoto alikuwa akirudi kutoka chuo cha Kurani na wenziwe, juzuu kifuani, wakapita barabara ya Ndia Kuu, akamwona babake na ufagio. Baba naye akamwona. Mtoto alifikiri babake atamwita. Alifikiri, akiniita nitafanya nini, na hawa wenzangu wako hapa. Baba akageuka, akampa mgongo, akafagia ukuta. Ukuta, bwana, hapakuwa na takataka. Alifagia mpaka watoto wakapita."

Mkono wake ulikuwa ungali umenyooka kuelekea kwenye majani.

"Mtoto huyo ndiye anayekutembeza," alisema.

Faraj alikuwa ametazama chini. Nilitafuta swali, kwa sababu nilihisi kwamba nikinyamaza na Mzee atanyamaza, kisha tutarudi nyumbani tukiwa vile vile. Nikamuuliza hamali yule alitokaje.

"Kwa mlango ule tulioingilia. Hakuna aliyekuja kumpokea. Mamangu alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa na miguu lakini sikuja. Akaenda nyumbani, akaoga, adhuhuri akaenda msikitini, safu ya kwanza. Waliokuwa kulia na kushoto wakasogea. Akasali na pengo kulia na pengo kushoto. Alasiri akarudi. Kesho akarudi. Ikawa siku moja mtu akajaza pengo, kwa kuchelewa tu, hakuona nafasi nyingine. Akaja mwingine."

"Na kazi?"

"Bandarini hawakumtaka. Akauza kahawa ya kutembeza. Na kila asubuhi, birika mkononi, alipita kwenye baraza ya yule mtu wa mkono. Asalamu aleikum. Kimya. Kesho, asalamu aleikum. Kimya. Watu walimcheka. Wakamwambia pita njia nyingine, njia ziko. Hakupita njia nyingine."

Hapo akachoka. Niliona uchovu ukimjia kutoka miguuni. Akamwegemea Faraj kwa uzito wote, na kwa mara ya kwanza akasema naye, ingawa macho yake yalibaki kwangu.

"Mimi nilimwonea haya mpaka akafa. Nikatafuta wazee wengine, wenye mizinga, nikawafanya wangu. Nao walinisaidia, sikatai. Lakini mzee aliyewahi kutoka humu kwa miguu yake akarudi mtaani kwake ni mmoja tu, nami nilikuwa naye nyumbani, nikamficha. Ulipokuwa huko ndani, Faraj, huyu ndiye uliyekuwa ukimhitaji. Sikukupa."

Kisha, kwa sababu ziara ilikuwa imefika mwisho na yeye hakujua namna nyingine ya kuimaliza, akauliza, "Kuna swali?"

Nilifungua mdomo. Faraj alinitangulia. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu asiyeitumia.

"Yule mtu aliitikia?"

"Hakuitikia."

"Hata mara moja? Kuitikia salamu ni wajibu, baba."

"Alijua kama ni wajibu. Hakuitikia. Alikufa hajaitikia. Babu yako alilibeba jeneza lake mpaka makaburini, hakuwaachia wengine bega."

"Sasa faida yake ilikuwa nini?"

Mzee alifikiri. Wageni hawakuwa wakimuuliza maswali ya namna hiyo, na nilimwona akitafuta jibu zuri, la kwenda nalo, kama alivyowatafutia wengine miaka yote. Hakulipata, au alilipata akaliacha.

"Sijui," alisema. "Alipita tu. Na sisi tukaweza kupita."

Tulitoka. Nje jua lilikuwa limepanda, wauza vinyago wanatandika meza zao. Mmoja wao alimtambua Faraj, akaita jina lake kwa sauti, na Faraj, baada ya kusita kidogo, akaitikia. Tulipofika njia panda, upande mmoja ni kwetu Kibokoni, upande wa pili ni njia ya kwendea madukani, huko kwenye duka la vitambaa. Faraj alisimama. Akautoa mkono wa babake taratibu, akauweka begani kwangu, kama mtu anayekabidhi kitu cha kuvunjika. Akainua kofia kutoka kwenye nyusi. Akaenda upande wa madukani, peke yake, si haraka.

Nilitaka kumfuata. Sijui kwa nini, labda kwa woga wa lile duka, maana mwenye duka alikuwa mtu wa hasira, na hata Jumapili hufungua. Nilianza hata kusogea, lakini Mzee alinibana bega.

"Mwache," alisema. "Mimi nimechoka kutembeza watu."